Vizibo

Naisokota sponji ya manjano kwa vidole viwili
mpaka iwe nyembamba kama njiti ya kiberiti.
Mkono wa kushoto unapita juu ya kichwa,
unalivuta sikio la kulia
(mwalimu Eulalia alilivuta vilevile, ila yeye kwa hasira).
Naiingiza. Naishikilia. Nahesabu mpaka thelathini.
Inavimba polepole, mkate unaoumuka gizani.
Kisha la pili,
na Patagonia, iliyofoka tangu alfajiri,
inashusha sauti.

Mtu akitia pamba masikioni huitwa mkaidi.
Baba hakutia pamba, hakutia nta, hakutia kitu.
Miaka thelathini na minane Anselmo Oyarzo
alipanda pikipiki kutoka shamba hadi shamba la kondoo
kutengeneza vinu vya upepo vya kuvuta maji,
na upepo aliouhudumia ukamlipa kama panya:
ukapuliza, ukauma, ukapuliza.
Si injini, alisema daktari wa Río Gallegos.
Ni upepo unaozunguka kofia.
Sikio la kufa halisikii dawa,
lakini lake lilikuwa zima siku alipoambiwa.
Alicheka tu. Nikiziba, alisema,
nitajuaje injini ikiugua?

Nilimjibu njiani, peke yangu:
utajua, mzee. Upepo ukiondolewa
kinachobaki ni chuma kikizungumza.
Mnyororo unadai mafuta. Vali moja ina kikohozi.
Na pumzi yangu, jamani, pumzi yangu
kama ya mtu mwingine aliyelala chumba cha pili.

Tres Lagos nilijaza petroli bila kuvua kofia.
Mwenye pampu alinisemesha; ndevu zake zilipanda, zikashuka.
Nikatikisa kichwa.
Akauliza kitu. Nikatikisa kichwa.
Akafurahi mno, akaingia ndani, akatoka na boksi,
akalifunga nyuma ya kiti kwa mipira miwili,
akanipigapiga begani kana kwamba nimemsamehe deni.
Nani avue vizibo kwa neno moja,
ahesabu thelathini upya, kwenye upepo huu?
Nikaondoka.

Changarawe. Guanako watatu waliruka ua.
Niliendesha nimelala upande kama alama ya mkato,
kimya changu nimekibeba kama bakuli la supu,
kisimwagike.

Gobernador Gregores, mlangoni pa baba, nikavua.
La kulia: mbwa, bati linalogonga, redio ya jirani.
La kushoto:
na mgongoni kwangu, ndani ya boksi,
umati mdogo unalia.

Vifaranga kumi na wanne.
Juu ya kifuniko, kwa kalamu nene: *Kwa Leocadia,
shamba la La Rezongona*,
ambalo nililipita saa mbili nyuma.
Kilomita mia na kumi walinipigia kelele
nami nikisifu kimya.

Baba akatoka. Nikamweleza yote, kwa mikono na mdomo.
Akatikisa kichwa.
Hapo ndipo nilipokitambua kile kichwa.
Meza zote zile, miaka yote ile,
mama akiuliza, Maitena akisimulia talaka yake,
naye akitikisa, akitikisa,
nasi tukimfungia mgongoni kila kitu
tukidhani amekubali.

Alimchukua kifaranga mmoja,
akamweka sikioni kama saa iliyosimama.
Akangoja.
"Anasemaje?"

Ana njaa, nilisema. Nilisema karibu, taratibu,
nikautazama uso wake mpaka ukajua.
Kichwa hakikunitosha tena.

Asubuhi narudi, boksi nyuma, upepo ubavu wa pili.
Ameketi kizingitini ananiangalia nikisokota.
Nilipolivuta sikio, midomo yake ikaanza:
moja, mbili, tatu.
Anahesabu haraka kuliko mimi, daima alikuwa na haraka.
Nimo kwenye ishirini na moja
naye keshanyanyua kidole gumba.
Namwonyesha kiganja: bado.
Anangoja.