Dau la Upofu

Elfu nane zimeshanitoka
kabla sijaona hata kona ya karata.
Ndiyo kanuni ya meza: kila mzunguko
kiti hiki hulipiwa na asiyejua analipia nini.
Tallinn, Februari, bandari imeganda.
Tumebaki kumi na tisa, watalipwa kumi na wanane,
na hakuna anayekwenda hata chooni.

Saa moja iliyopita nilishika ree na kumi hapahapa.
Arvo akapandisha, yeye wa kwanza kusema.
Arvo hupandisha kama mtu anayelipa kodi:
mara chache, na risiti mfukoni.
Nikazirudisha kifudifudi.
Kijana wa kulia kwangu akaguna, "Mama, umeziacha hela zako."
Zangu? Hela ikishafika katikati ya kitambaa
haina mwenyewe.
Kuifuata kwa kuwa ilitoka kwako
ni kumkimbilia mume aliyekwisha kuoa kwingine.

Miaka thelathini na moja niliendesha tramu.
Kila kituo palikuwa na mtu anakimbia, mkono juu,
nami kidole kwenye kitufe cha mlango.
Ukimngoja kila mmoja, hufiki Kopli.
Usipomngoja yeyote, unavuta mabehewa matupu.
Hakuna aliyenifundisha nani wa kungojwa.
Nilitazama viatu, theluji, saa,
uso wake kwenye kioo.

Sasa anapandisha Jussi, wa Helsinki, wa feri ya mchana,
aliyekaa mwisho, pale unapowaona wote kabla ya kuonwa.
Elfu kumi na saba.
Mara sita zamu hii imemfikia, mara sita amepandisha;
karata hazimpendi mtu kiasi hicho.
Kijana wa kulia anatupa zake.

Nane na sita, kopa zote mbili.
Si mali. Si takataka pia.
Naongeza tisa kugombea thelathini na saba:
nikishinda mara moja katika tano, nauli imerudi.
Lakini nitasema wa kwanza, kila karata itakayofunuliwa,
na meza ya pili kuna bwana aliyebakiwa na vipande vitatu
anayeomba nianguke kabla yake.
Angekuwa Arvo, ningefunga mlango.

Bandu bandu. Gogo langu linalijua shoka.
Nikiacha kila mara, hakuna atakayeniua;
nitaisha tu.

Nasukuma tisa.

Mfalme, mfalme, mbili. Kopa hata moja hakuna.
Nagonga meza. Jussi anaweka kumi na mbili
bila kunitazama.
Nazirudisha kifudifudi.

"Sasa uliingia kwa nini?" anauliza yule wa kulia.
Namwambia, wapo waliopanda tramu yangu wakihema
wakashuka kituo kilichofuata.
Mlango haukukosea.

Anacheka, hajaelewa, ana miaka ishirini na mitatu.
Mgawaji anachanganya. Zamu inasogea kiti kimoja,
na elfu nne, nusu upofu,
zinanitoka tena.