Sahani Ishirini na Nne

Mimi ni mwosha vyombo.
Si vya jikoni, vya maabara,
ghorofa ya chini, Tartu, dirisha linalotazama
nusu ya mto Emajõgi na nusu ya baiskeli za watu.
Februari mto hulala chini ya barafu
na maji ya bomba huniuma vidole hadi kwenye kucha.

Vyombo havinifichi kitu.
Sahani ya kioo ikishuka na utando wa kijani
najua aliyesahau kufunika ni nani.
Birika la kupimia likinuka kabichi
najua Madis amelipashia supu tena.

Mwaka huu Kirke alirudia jaribio la Profesa Rebane,
lile la minyoo na baridi:
walaze usiku mmoja penye nyuzi nne,
wataishi theluthi zaidi ya wenzao.
Jarida lilichapa. Magazeti yakadaka.
Shangazi yangu kule Võru alilala madirisha wazi
kipupwe kizima, akapata kichomi.

Kirke alirudia mara moja. Minyoo wakafa kwa wakati wao.
Mara ya pili. Wakafa.
Mara ya tatu alibadilisha agari, akabadilisha taa,
akabadilisha hata viatu,
wakafa wote, wa baridini na wa jotoni,
bega kwa bega, kana kwamba minyoo wana mabega.

Nilimkuta kwenye sinki langu saa mbili usiku.
"Urve," akasema, "mkono wangu una nuksi."
Hayo nimeyasikia miaka thelathini na mmoja.
Jaribio likikataa, kijana hulaumu mkono wake;
likikubali, mkubwa husifu kichwa chake.

Sikumjibu. Nilifungua kabati la sabuni.

Humo naweka madaftari yangu,
maana mhasibu wa zamani alikuwa bahili,
alitaka kujua kila gramu ya sabuni imekwenda wapi:
tarehe, ya nani, vyombo vingapi.
Mhasibu alikufa. Mimi sikuacha.
Tukapekua hadi mwaka ule, mwezi ule,
na huo hapo mwandiko wangu, umelowa pembeni:
Rebane. Minyoo. Sahani 24.

Kwenye makala ni ishirini na moja.

Kirke alihesabu jedwali kwa kidole,
kisha akahesabu tena
kama mtu aliyepewa chenji pungufu.
Akaniuliza zile tatu zilikuwa na nini.
Sijui. Miaka tisa, sahani ni sahani.
Ninachojua ni kwamba hazikuvunjika:
vilivyovunjika vina safu yao.

Profesa alikuja Jumanne, kwa treni kutoka Tallinn,
mstaafu, kofia mkononi, theluji mabegani.
Alisoma mstari wangu akiwa amesimama.
Nilidhani ataniuliza mimi ni nani hata nimhesabie.
Akasema: "Zilikuwa za Ijumaa.
Minyoo wa baridi walikufa mapema.
Niliandika kwamba zimeingia ukungu.
Maombi ya ruzuku yalikuwa yanafungwa Jumatatu."
Akakaa kimya, theluji inamtiririkia kolani.
"Nilikuwa nimeshaamini. Nilidhani
zile tatu ndizo zilizokosea."

Kata pua uunge wajihi.
Alikata tatu, uso ukapendeza,
na miaka tisa vijana wa watu, huko na huko,
wamekesha wakiuchora uso ule
na kushangaa kwa nini wa kwao una pua.

Barua ya kwenda jaridani ina sahihi tatu.
Ya kwanza ni yake; aliing'ang'ania iwe ya kwanza.
Ya tatu ni yangu.
Mhariri ameuliza cheo changu,
Kirke akaandika: mtunza kumbukumbu.
Nimemwambia afute. Aandike mwosha vyombo.
Tumeanza kusema kweli, tusichoke njiani.

Leo zimeshuka sahani thelathini.
Nimehesabu thelathini.
Moja ina ufa mwembamba kama unywele.
Nimeuandika.