Saa Kumi na Moja na Robo

Alinipigia simu Jumatatu, sauti yake ikishindana na upepo:
"Kompyuta yangu huzimika ng'ombe wakirudi."
Nikaandika kwenye fomu: huzimika.
Hayo mengine niliyaacha yaende na upepo wake,
maneno ya mama wa milimani, nikajisemea,
anayepima siku kwa viwele.

Barabara ya kwa Ludivina, huko Asturias,
inapanda, inajuta, inashuka, inapanda tena.
Nilifika na mkoba na kiburi kidogo cha mjini.
Kompyuta ilikaa juu ya kabati la chumvi,
kibodi inanuka jibini, herufi ya A imelika kwa kidole.
Nikaiwasha. Ikawaka,
ikatulia kama mtoto mtundu mbele ya mgeni.
Nikaondoa virusi vitatu visivyo na makali,
nikafuta takataka alizopakua mpwa wake
akitafuta mpira wa bure,
nikatangaza: "Imepona."
Saa nane mchana nilishageuza gari.
Jioni simu ikalia. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Safari ya pili nilikwenda na bisibisi.
Nikaifungua kifua. Vumbi limeikumbatia feni
kama blanketi la manyoya ya paka,
na kweli yalikuwa ya paka;
mwenyewe alikuwa dirishani, ananitazama bila haya.
Nikalipuliza. Nikachomoa memori,
nikaisugua meno kwa kifutio cha shule,
nikaishindilia mpaka ikasema tik.
Nikabadilisha pawasaplai, euro sitini.
Nikabadilisha waya. Nikabadilisha hata sauti,
nikazungumza kama daktari
anayeficha kwamba hajui.
Ludivina akalowesha kidole, akahesabu noti,
akasema bila kuinua macho:
"Lakini huzimika ng'ombe wakirudi."
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mara ya tatu sikushika kitu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami nilikuwa nimevua shuka, nimepasua godoro,
nimelipisha,
bila kukilalia hata usiku mmoja.
Nikaomba kigoda. Nikakaa.

Saa tisa: anaingiza hesabu za lita, kidole kimoja kimoja.
Saa kumi: manyunyu, supu ya maharagwe, paka.
Saa kumi na moja: kengele za mbali,
kisha za karibu, kisha matope na pumzi,
kwato zikigonga sakafu upande wa pili wa ukuta,
mwanawe Xuacu akiwaita mmoja mmoja kwa majina.
Saa kumi na moja na robo
maziwa yakaanza kumiminika tangini,
tangi likajiwasha kuyapoza,
mtambo ukanguruma,
taa ya jikoni ikafumba jicho, ikafumbua,
na skrini ikawa nyeusi tii.

Nikaufuata waya kwa magoti.
Nyuma ya magunia, soketi moja ya enzi za babu yao,
na hapo tangi, friji, kompyuta,
wote wakinyonya titi moja.
Mwenye mabavu alipovuta, mnyonge alikata roho.

Nikavuta waya mwingine kutoka chumba cha kulala.
Dakika nne. Tangi likanguruma,
skrini ikaendelea kuhesabu lita
kana kwamba haijawahi kuugua.
Nikamrudishia sitini zake.
Akazipokea zote, akazitia mfukoni mwa aproni,
akanifungia kipande cha jibini chenye ukungu wa buluu
ambacho gari langu linakikumbuka hadi leo.
Hakusema "nilikuambia".
Alikuwa na ng'ombe kumi na tisa wa kukamua.

Usiku nikajaza fomu ya kampuni.
Penye "Tatizo", nikaandika: huzimika.
Penye "Vipuri", nikaandika: waya, mita sita. Kigoda.
Penye "Sababu", kalamu ilisita,
halafu nikaandika: ng'ombe wakirudi.

Asubuhi, Bwana Laureano wa mahesabu
aliizungushia neno hilo wino mwekundu
na kuniuliza nilikuwa nimekusudia kuandika nini.