Nyaya Sitini

Mwaka wa kwanza nilisimika mlingoti nyuma ya ghala la korosho,
mita kumi na nane, mwavuli wa nyaya kileleni,
na chini yake nikafukia nyaya nne tu,
maana shaba ina bei, na Somoe alikuwa ananihesabia.

Kipimo kikasoma omu hamsini, sawasawa na kitabu.
Nikazungusha kitufe toka mwanzo wa ukanda hadi mwisho,
sindano haikuinua hata kope.
Nikajipa heko: pana hii, kama jamvi la harusini!
Nikaita mpaka jogoo.
Songea kimya. Masasi, hapo tu, Nankoma akasema:
nasikia kama mtu anapumua.

Kumbe upana ule ulikuwa tumbo.
Mchanga wa Newala hunywa.
Mvua ya Januari hupiga asubuhi nzima,
adhuhuri unapita na kandambili, hazishiki tope;
maji yameshazama,
na kina mama wanateremka bondeni na ndoo kuyadai.
Ndivyo zilivyonywewa wati zangu mia.
Katika omu hamsini, kumi ndizo zilizokuwa za anga;
arobaini nilikuwa nawapashia joto mchwa.

Kila malipo ya korosho yalipotoka, niliongeza.
Nane. Kumi na sita. Thelathini na mbili.
Nyingine nilizichuna kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga,
nikazitandaza kutoka mguu wa mlingoti
hadi chini ya mikorosho yenye vumbi la salfa.
Na kila nilipoongeza, sindano ilizidi kununa.
Omu thelathini na nane. Ishirini na saba.
Kwenye nyaya sitini, kumi na tano,
na ukanda umebana: kilohezi mia zimebaki thelathini,
ukisogea kidogo redio inakataa.
"Umeiharibu," akasema Nankoma. "Rudisha nne zako."

Sikurudisha. Nilisuka koili ya kulinganisha,
nikajibanza ndani ya ufa ule mwembamba,
na saa tisa usiku mtu wa Kalkuta
akanirudishia herufi zangu moja moja,
kama anayelipa deni kwa sarafu.

Leo asubuhi nimepima tena. Ukanda umefunguka,
kilohezi nane zaidi ya jana.
Nimechukua koleo na risasi ya kulehemu.
Somoe, mama,
mihogo umepalilia upande gani?