Mikate Kumi na Mmoja

Jumanne na Ijumaa napandisha gari la mkate
hadi Valdescura, kona thelathini na mbili,
na kwenye kona ya mwisho napiga honi mara mbili.
Si kwa kuita wateja. Wateja wananijua.
Ni kuwapa muda wa kutafuta viatu.

Zamani honi ilikuwa ya kampuni.
Ililia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku,
na ikilia nje ya saa zake
wanawake waliacha sufuria motoni
wakateremka na aproni zao hadi langoni,
hakuna aliyemuuliza mwenziwe kitu.
Wasemao husema aliye juu mngoje chini.
Huku tuliwangoja walio chini waje juu.

Leo mikate kumi na mmoja.
Mwaka nilioanza ilikuwa arobaini na sita.
Sihitaji sensa, kapu lanitosha.

Mmoja wa Eladia, uungue kidogo chini,
anapenda kuusikia ukivunjika,
ingawa meno ya kuuvunjia yamo glasini.

Mmoja wa Selmo, mmoja wa Belarmino,
ndugu, nyumba moja, jiko moja,
hawasemeshani tangu mgomo ule mrefu:
siku ya arobaini mmoja alishuka shimoni,
mwingine akabaki langoni na njaa yake.
Kila mtu hununua wake, hulipa wake.
Siku niliyokosea nikampa Selmo yote miwili
alinirudishia mmoja, nimpe jirani,
na jirani amesimama hapo, hatua moja, anatazama mlima.

Nusu mkate wa Oliva,
aliyetunza chumba cha taa na ubao wa vipande.
Kila mchimbaji na kipande chake cha shaba, chenye namba:
ukishuka unaondoka nacho, ukipanda unakirudisha msumarini.
Namba anazikumbuka kuliko majina.
Ananiambia, huku akihesabu senti,
msumari wa mia mbili na kumi na nane
ulikaa mtupu siku tatu,
kisha ukakaa mtupu.

Bafu la wachimbaji, ambako nguo kavu
zilipandishwa darini kwa minyororo,
sasa lina wafinyanzi wawili kutoka Rotterdam.
Wanaoka mkate wao wenyewe. Nawasalimu.
Mto uliokuwa mweusi umerudiwa na samaki wa madoa,
na wanaokuja kuwavua wana leseni na buti mpya.
Juu ya kifusi imeota mibetula, haikupandwa na mtu.
Mama yangu aliosha shuka kwa maji ya mvua,
akazianika ndani, na bado zilikauka kijivu.
Baba alikohoa miaka tisa. Daktari wa kampuni
aliandika: sigara. Baba hakuwahi kuvuta.

Ijumaa iliyopita nilipiga honi mara mbili
na Oliva hakutoka.
Nikangoja. Nusu mkate mkononi, mvua nyembamba.
Nikapiga mara ya tatu.

Milango ikafunguka yote.
Eladia bila meno, na sufuria nyuma yake inanuka kuungua.
Wafinyanzi, mikono na udongo, wakifuata wengine bila kujua kwa nini.
Ndugu wawili, mlango mmoja, bega kwa bega, wamekwama.
Hakuna aliyemuuliza mwenziwe kitu.
Tukateremka.

Oliva alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kabeji,
kifaa cha sikio kimo mfukoni.
Akatutazama, mmoja mmoja,
midomo inahesabu.
"Mmetimia," akasema. "Kafa nani?"

Selmo akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi cha huku, kisichojua kuisha,
na Belarmino akasema, kwa sauti, akimtazama yeye:
"Umetoka bila koti."

Jumanne nimepanda tena.
Bado wamenunua miwili.
Lakini Belarmino ndiye aliyelipa,
Selmo akasimama kando, na koti,
anatazama mlima.