Upana Hauwezi Kuwa Hasi

Sakafu ya mstatili: urefu wake
wazidi upana kwa mita tatu.
Vigae, kila mita mraba, shilingi mia nane.
Gharama yote elfu arubaini na tatu, mia mbili.
Tafuta upana.

Mwalimu Nerea kaandika, kapangusa chaki kwenye sketi,
na sisi watu wazima wa Manyatta
tumejibana kwenye madawati ya darasa la tatu,
magoti yakigonga mbao.
Yangu yana sugu. Miaka kumi na minne
nimezipigia magoti sakafu za watu.

Nagawanya kwanza: hamsini na nne.
Hilo ni eneo, hilo naliona hata bila kalamu.
Kisha x, mgeni asiyetaja jina,
na x ongeza tatu, nduguye mrefu.
Nawazidisha. Hamsini na nne naihamisha ng'ambo
kama mtu atoavyo kabati na vitanda kabla ya kazi,
kule ilikotoka kubaki sifuri,
sakafu tupu.

Swali halikuulizia vigae vinavyovunjika,
wala kona ambayo fundi wa mawe aliipinda akaondoka,
wala bodaboda aliyeangusha katoni mbili pale Kondele
akasema, pole, barabara.

Sita.
Au hasi tisa.

"Hasi tisa tunaitupa," asema mwalimu.
"Upana hauwezi kuwa hasi."
Wenzangu wanaikata mstari. Kalamu yangu inagoma.

Maana chumba hiki nakijua. Kiko Riat,
dirisha lake limelimeza ziwa zima.
Nilikitandika Februari, sita kwa tisa,
kwa grauti ya pesa zangu mwenyewe,
na mwenye nyumba akaniambia, njoo Ijumaa.
Ijumaa ipi, hakusema.
Ochola aliyenichanganyia saruji ana watoto;
nikauza mashine ya kukatia, nikamlipa.
Niliingia mlango ule na mashine begani.
Nikatoka na ndoo.

Mwalimu anafika dawatini kwangu,
anainama, ananukia sabuni ya mche.
"Mbona hujafuta hii?"
Namwambia, chumba hiki nimekipima, mwalimu,
kwa kwenda na kwa kurudi.

Anatia vema kwenye sita.
Juu ya hasi tisa kalamu nyekundu inasita,
kisha inaacha alama ya kuuliza, ndogo,
na tunafungua swali la tano:
tangi la maji, linalovuja.