Jumanne si Yangu

Namba ya gari langu inaishia na saba,
kwa hiyo Jumanne si yangu.
Serikali imeichukua, imeikunja,
imeitia mfukoni kama risiti.

Hapa Ulaanbaatar, mwezi wa kwanza,
mate huganda kabla hayajafika chini,
na gari langu, kuukuu la Kijapani,
usukani kulia katika nchi ya kupita kulia,
haliwaki mpaka nilifunike injini
kwa blanketi la sufi, nilisemeshe.

Mimi fundi wa lifti.
Sanduku langu lina uzito wa kilo ishirini na moja.
Jaribu kupanda nalo basi la saa moja asubuhi
uone watu wanavyokupenda.

Jirani yangu Gankhuyag alicheka sheria ilipotoka.
Akanunua gari la pili, linaloishia na nne,
kweche la kutembelea Jumanne tu,
moshi wake mweusi, mzito, wa kukata kwa kisu.
Ndiyo hesabu hiyo: toa moja, jumlisha moja,
jibu ni kikohozi.

Na wakubwa? Magari yao hayajui siku za juma.
Mwenye nguvu mpishe, tuliambiwa.
Tunampisha.
Anatuachia moshi.

Kule mabondeni, kwenye mahema ya duara,
watu wanachoma makaa, kwani baridi haingoji bunge.
"Waanze na moshi mkubwa," namwambia Dulmaa.
Mke wangu anakata nyama, haniangalii.
"Kila mwenye moshi," anasema,
"huuonyesha kidole moshi wa mwenziwe."

Binti yetu Enerel ana miaka sita.
Hucheza udaktari na wanasesere wake,
huwafunika midomo kwa kikopo cha mtindi,
huwahesabia: vuta, moja, mbili, toa.
Hatukumfundisha mchezo huo.
Alijifunza wodini.

Jumanne iliyopita wakanipigia kutoka hospitali hiyohiyo:
lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne,
mna muuguzi ndani, na kitanda, na mtoto kitandani.
Nikachota theluji, nikaipaka saba yangu
mpaka ikawa si namba, ikawa baridi tu.
Nikawasha. Siku hiyo likawaka mara moja,
kama linalojua dhambi.

Askari alinisimamisha penye daraja.
Kijana, kope zake nyeupe kwa barafu.
Hakusema neno. Aliinama, akaifuta theluji kwa glavu,
taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi,
saba ikatoka, akaitazama, akanitazama.
Nikamweleza lifti, kitanda, mtoto.
Akafungua mdomo anijibu
kikamtoka kikohozi.
Nakijua kile. Kinaanzia chini, kinapanda ngazi
kikihema kila ghorofa.
Nilisubiri kiishe. Magari nyuma yetu yalisubiri,
injini zote zinanguruma.

Alipopata pumzi aliniandikia faini,
akanionyesha kituo cha basi.

Nilipanda. Sanduku lilimkanyaga mama mmoja
akanitukania ukoo mpaka kizazi cha nne.
Nilichelewa dakika arobaini. Mtoto alitoka mzima,
analia, anataka kurudi lifti.
Muuguzi hakunishukuru.

Sikuipenda sheria ile asubuhi. Jioni pia sikuipenda.
Lakini mkiniuliza, nitasema:
ichukueni Jumanne. Chukueni na Jumatano.
Ila anzeni na magari yale yasiyojua siku,
na leteni basi lenye pa kuweka sanduku,
na huko kwenye mahema pelekeni joto kabla ya askari.
Msiponisikia, theluji ni nyingi,
na mimi ninajua kupaka.

Nilipofika nyumbani Enerel aliuliza,
"Leo si ndiyo Jumanne, baba?"
"Ndiyo."
Akapanda kiti, akafungua kidirisha kidogo
upana wa pua yake,
akanusa.
"Bado," akasema,
akakifunga.